Sauti mbili na parsele moja

Mama mshauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nina miaka 43, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi, nina mke na watoto wanne. Jina langu naomba usiliandike.

Kwa miaka sita nilikuwa mpimaji katika depo moja ya madini upande wa Kolwezi. Wachimbaji wa mikono wanaleta magunia, mimi naweka kwenye mizani, nasoma kilo, mwenzangu anasoma asilimia ya kobalti kwenye mashine, mhasibu analipa. Ile mizani patroni, bosi wetu, alikuwa ameichezea. Gunia la kilo 50 lilikuwa linasoma 43, siku nyingine 42. Wachimbaji walijua, walilalamika, lakini wangeenda wapi? Nilikuwa najiambia: mizani si yangu, mimi nasoma tu namba.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, asubuhi moja nanawa uso kwenye ndoo kabla ya kufungua depo, nikasikia ndani yangu: "Mwanangu, ile mizani." Ni hayo tu. Haikuwa kwa masikio, lakini ilikuwa wazi kuliko mtu anayesema nawe. Nikadhani ni uchovu. Kwa wiki tatu, kila gunia nililoinua, maneno yalirudi. Mwishowe nikamwambia patroni siwezi tena, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Tangu hapo, Mama, tumekula akiba yote. Mke wangu anauza makala, yaani mkaa, kwa ndoo mbele ya lango. Watoto wawili wakubwa wamerudishwa kutoka sekondari mara mbili kwa ajili ya pesa ya masomo. Kanisani nilitoa ushuhuda, wakapiga makofi. Sasa waliopiga makofi wakiniona wanavuka barabara, wanaogopa nitawakopa.

Miezi miwili iliyopita nilianza kwenda kwenye chumba cha maombi cha mtumishi mmoja. Katika mkesha, kama saa tisa usiku, akaniwekea mkono akasema: Mungu anaonyesha uuze parsele, kile kiwanja, uende Pweto, ufungue kazi ya Mungu kando ya ziwa, baraka yako imefungwa huko. Akaongeza: usimwambie mke mpaka mambo yaishe, maana Ibrahimu naye hakumuuliza Sara alipomchukua Isaka. Mwili wangu ukawaka moto, nikalia. Wiki hiyohiyo nikaota maji mengi.

Parsele yenyewe iko Ruashi, hapahapa Lubumbashi. Aliiacha marehemu baba. Karatasi ziko kwangu kwa sababu mimi ndiye mwanaume, nina dada wawili, wote wameolewa. Mnunuzi yupo, anatoa dola 4,500, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nauliza mambo mawili. Sauti ya kwanza, kama ilikuwa ya Mungu, mbona tumefika hapa? Na hii ya pili, nikiikataa, si nitakuwa kama Yona?

Baba wa Wanne, Katuba


Baba wa Wanne,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Mstari niliouchora haukuhusu mkesha wala maji ya ndotoni. Niliuchora chini ya maneno haya: "mizani si yangu, mimi nasoma tu namba." Mtu anayeweza kujishitaki hivyo mbele ya mgeni, bila mtu kumbana, kuna kitu amekwisha kukisikia. Kwa hiyo sitakuambia kwamba unawaza tu, kama walivyokuambia bila shaka wengine.

Nianze na parsele, maana mwezi unaisha.

Usiuze. Mungu anaweza kumtuma mtu Pweto, na Ziwa Mweru lina watu wanaohitaji Injili kama sisi wa Katuba. Lakini parsele hiyo si yako peke yako, na huwezi kumtolea Mungu kitu cha mwenzio. Ni ya watoto wote watatu wa marehemu. Sheria ya familia ya nchi yetu, ile ya 1987, inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, wa kike na wa kiume, walioolewa na wasioolewa. Wewe umepewa kutunza karatasi, basi. Ukipenda andiko kuliko sheria, fungua Marko 7, pale Yesu anapowakemea watu waliochukua mali iliyopaswa kuwasaidia baba na mama zao wakasema hii ni Korbani, imekwisha kuwekwa wakfu. Walimheshimu Mungu kwa mfuko wa wazee wao. Na wewe, ndugu yangu, uliacha depo kwa sababu ya kilo saba zinazopotea katika kila gunia. Utawapimiaje dada zako sifuri?

Sasa hilo la "usimwambie mke."

Mtumishi wako simjui, sitamhukumu. Inawezekana ana moyo mwema na amechanganya huruma yake na ufunuo. Hilo limewapata hata wakubwa. Nathani alimwambia Daudi nenda kajenge hekalu, Bwana yu pamoja nawe, na usiku uleule Mungu akamrudisha akaseme kinyume. Nabii wa kweli, siku hiyo alisema la kichwani mwake. Lakini habari ya Ibrahimu mtumishi wako ameisoma nusu. Mwanzo 22 haituambii Ibrahimu alimwambia nini Sara kabla ya kupanda mlima. Rudi nyuma sura moja tu, Mwanzo 21 mstari wa 12, Mungu mwenyewe anamwambia Ibrahimu asikilize sauti ya Sara katika kila analomwambia. Mambo ya nyumba yao yalipokuwa magumu, sauti ya Mungu ilimrudisha mume kwa mkewe.

Kuna wengine wawili katika Waamuzi 13 ambao nawapenda sana, Manoa na mkewe. Malaika alimtokea mwanamke peke yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kumwambia mumewe. Manoa hakusema wewe umechanganyikiwa, wala hakukimbia kutenda. Akaomba: Bwana, huyo mtu uliyemtuma aje tena atufundishe. Aje tena! Na Mungu hakukasirika, akamtuma tena. Halafu Manoa alipoingiwa na hofu kwamba watakufa, aliyemtuliza ni mke, kwa akili ya kawaida kabisa: kama Mungu angetaka kutuua, asingeipokea sadaka yetu. Nimekaa kanisani miaka mingi, na sijasikia mahubiri mengi juu ya mwanamke huyu. Nadhani kwa sababu hana jina.

Basi ujumbe wa Mungu unavumilia kuulizwa mara ya pili. Unavumilia kusikika na mke, na dada, na wazee. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii waseme wawili au watatu, na wengine wapambanue. Neno lisilotaka kupambanuliwa, linalotaka giza na mdomo uliofungwa na tarehe ya mwisho wa mwezi, mimi ningeliweka chini kwanza. Samweli alikimbia kwa Eli mara tatu akidhani ni mzee anayemwita, na Mungu hakuondoka; alimwita mara ya nne. Hakumwekea mtoto tarehe.

Na kuna kitu hukukiandika. Mnunuzi huyu ametoka wapi? Nani alimleta? Sihitaji jibu, wewe unalihitaji.

Tuje kwenye moto wa mwilini. Umenieleza kwamba katika mkesha uliwaka na ukalia, na kwa hiyo unaona sauti hii ina nguvu kama ile ya kwanza, pengine kuizidi. Tafadhali ziweke kando kwa kando. Ya kwanza ilikuja asubuhi, kwenye ndoo, maji baridi usoni, hakuna ngoma wala kinanda, hakuna mtu aliyekushika kichwa. Ilikuwa na maneno machache. Haikukuahidi chochote. Ilirudi wiki tatu, ukiwa umeshiba na ukiwa na njaa. Na aliyelipa gharama yake ulikuwa wewe. Ya pili imekuja saa tisa usiku, ukiwa mtu wa deni, umechoka, watoto wamerudishwa nyumbani, kupitia mdomo wa mtu mwingine, nayo imebeba ahadi. Gharama yake watalipa mkeo, watoto na dada zako. Sisemi Mungu hasemi usiku. Nasema machozi hayana anwani. Mwili wa mtu mwenye njaa akiambiwa baraka yako iko mahali fulani, utawaka tu, na ningeshangaa usingewaka.

Nikuambie la kwangu. Nikiwa msichana, mwalimu mpya, nilipangiwa shule ya kijijini mbali na hapa. Usiku ule niliota barabara imekatika. Asubuhi nikamwambia mama kwamba Bwana amenikataza, na kila mtu akainamisha kichwa, nani atabishana na Bwana? Ilinichukua miaka kukiri kwamba niliogopa nyoka na upweke. Woga hauna heshima kati ya watu, unabii unayo. Nikauvika woga wangu nguo ya nabii. Wewe huenda una aibu badala ya woga. Aibu ya kutoa ushuhuda mbele ya kanisa kisha kuonekana huna kitu. Pweto ni mbali, na huko hakuna anayejua ile habari. Sisemi ndivyo ilivyo. Jichunguze tu.

Wakatoliki wanaosoma safu hii wanamjua Ignasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521 akaja kuanzisha shirika la Wajesuiti. Mwaka uliofuata, akiwa bado mbichi katika imani, alikutana njiani na Mwislamu wakabishana juu ya Bikira Maria. Yule akatangulia. Ignasi akabaki akijiuliza kama heshima ya Maria inamtaka amfuate ampige kisu. Aliposhindwa kuamua, alilegeza hatamu za nyumbu wake kwenye njia panda: nyumbu akishika njia ya kijijini alikokwenda yule, atampiga, akishika barabara kuu, atamwacha. Nyumbu alikuwa na akili, akashika barabara kuu. Kisa hiki Ignasi alikisimulia mwenyewe alipokuwa mzee, na nadhani alikisimulia ili tuone alianzia wapi. Mtu huyohuyo baadaye aliwaandikia wengine kanuni ambayo ningependa uibandike ukutani hata kama wewe ni mpentekoste wa tangu tumboni: wakati roho imeingia giza na ukavu, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na nuru. Simama palepale, ongeza sala, ngoja. Wewe sasa uko gizani. Usimpe nyumbu hatamu.

Kuna kisa kingine, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliambiwa na Bwana mwenyewe asile wala asinywe huko Betheli. Akakataa hata mwaliko wa mfalme. Kisha mzee mmoja nabii akamfuata, akamwambia mimi pia ni nabii, malaika ameniambia nikurudishe kwangu upate kula mkate. Biblia inasema wazi alimdanganya. Yule akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Kisa kinaumiza, kwa sababu aliyekufa ndiye aliyedanganywa. Lakini angalia kosa lake: alikuwa na neno lake mwenyewe, akaliacha kwa sababu mwingine alisema "malaika."

Kwa hiyo turudi kwenye neno lako mwenyewe, na swali lako la kwanza, ambalo ndilo gumu.

Unauliza, kama alikuwa Mungu, mbona tumefika hapa? Nani alikuambia kwamba kutii kunalipa mwisho wa mwezi? Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia, akavuka bahari, na mjini Filipi akapigwa viboko na kutiwa miguu katika mkatale. Wala si lazima twende mbali. Katika mji wetu huu, tarehe 12 Oktoba 1951, alifariki Simon Kimbangu, yule ambaye kanisa la Wakimbanguisti lina jina lake, akiwa mfungwa wa Wabelgiji, baada ya miaka 30 kifungoni. Wewe si Mkimbanguisti, nami si Mkimbanguisti, lakini habari yake inatuhusu. Wafuasi wake husimulia kwamba alisikia wito tangu mwaka 1918, akaukimbia, akaenda kutafuta kazi Kinshasa. Alipokubali, kazi yake, iliyoanzia kijijini kwake Nkamba, ilidumu miezi tu, Aprili mpaka Septemba 1921, kisha pingu. Aliyeishikilia kazi kwa siri miaka yote hiyo ni mkewe, Marie Muilu. Kama tungepima utii kwa matokeo ya mwaka wa kwanza, Kimbangu angehesabiwa mtu aliyepotea.

Na zaidi, kwa jambo la mizani hukuhitaji sauti. Methali 11 inaanza hapohapo, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Neno hilo lilikuwa ndani ya Biblia yako miaka sita yote. Asubuhi ile ulikumbushwa, na ukashituka kwa sababu ulikuwa umelikanyaga kila siku. Kwa hiyo usilale macho ukijiuliza kama ulisikia vizuri. Hata kama ilikuwa dhamiri tu, ilisema kweli.

Lakini, na hapa nisikilize, hebu soma tena ulichosikia. "Mwanangu, ile mizani." Haikusema acha kazi. Haikusema rudi Katuba. Hayo uliyaongeza wewe, na sikulaumu, pengine hakukuwa na njia nyingine na patroni wa namna ile. Ila umekaa mwaka mzima ukidhani Mungu alimaliza kusema siku uliyopanda basi. Mimi nashuku hajamaliza. Wachimbaji waliopoteza kilo saba kwa gunia, miaka sita, wako palepale. Zakayo aliposhuka mtini hakuacha kazi na kunyamaza tu, alianza kuhesabu aliowadhulumu. Huna dola za kuwarudishia mara nne. Una kitu kingine: unajua mizani inavyochezewa. Unajua mkono unapita wapi, skurubu gani inalegezwa, gunia linawekwaje ili namba idanganye. Tangu sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono anatakiwa awe ndani ya koperative, yaani chama cha ushirika, iliyokubaliwa na serikali, na koperative zinauza madini ya watu wasioweza kusoma ile namba kwa jicho lako. Mpimaji anayejua wizi wote na hataki kuiba, huyo si mtu wa kukaa Katuba anangoja ndoto ya maji.

Siyo unabii huo, ni wazo la mama mzee. Lipime nalo, na ukiona halifai, litupe.

Kuhusu Yona usijitishe. Yona hakuwa na swali. Alijua Ninawi ni Ninawi, akalipa nauli ya kwenda upande mwingine. Wewe unauliza, na mtu anayeuliza bado hajapanda meli. Tena hata Yona, neno la Bwana lilimjia mara ya pili. Kama Pweto ni ya Mungu, itakuwa bado ya Mungu mwezi ujao, mbele ya mkeo, bila parsele ya Ruashi.

Leo jioni, watoto wakisha kula bukari, ugali wetu, na kulala, mwambie mama yao yote. Mkesha, parsele, mnunuzi, na kwamba ulikuwa karibu kuuza bila yeye kujua. Atakasirika. Mwache akasirike, anauza makala ili nyinyi mle, ana haki. Usianze na "Mungu alisema", anza na "nimeogopa." Kesho wapigie dada zako, waambie karatasi ziko salama. Mnunuzi umwambie hapana, neno moja, usimweleze ndoto. Na mtumishi, umwombe kwa heshima kama anaweza kulirudia neno hilo mbele ya mchungaji wako na mkeo, mchana.

Halafu mtafute mchimbaji mmoja unayemkumbuka kwa jina, mmoja tu wa wale waliokuwa wakikulalamikia kwenye mizani, umuulize siku hizi anapimia wapi.

Mama mshauri